Sahihi Yangu ya Mwaka 1971

Nilizaliwa mwaka 1976. Naomba tarehe hiyo ikae kichwani kabla sijaendelea.

Mwezi wa sita mwaka 2025, kusi likivuma mpaka vumbi la barabarani linaingia kwenye chai, alinijia mzee mmoja kutoka ng'ambo, Kitunda. Alikuwa ameshuka kivuko cha asubuhi, saa yake kaifunga kwenye leso na kaishika kama mtu aliyebeba kifaranga. Ilikuwa Roamer ya kutia ufunguo, uso umegeuka rangi ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, kioo kimechubuka. Ya mjomba wake, marehemu. Imelala sandukuni miaka na miaka, sasa wajukuu wameanza kuichezea, akaona heri ije mjini.

"Fundi, hii inapona?"

"Haiumwi, mzee wangu. Imelala tu."

Ndivyo ninavyowajibu wote. Nyingine huwa zimeshakufa kabisa, lakini huwezi kumpa mtu habari ya msiba saa mbili asubuhi.

Kibanda changu kipo kwenye baraza la nyumba ya zamani, karibu na soko, hapa Lindi mjini. Meza, kabati la kioo, kiti cha mteja chenye mguu mmoja wa kuazima. Siku hizi kazi kubwa ni betri na mikanda, maana watu wanaangalia saa kwenye simu. Kwa hiyo ikija ya kutia ufunguo huwa naiweka kando mpaka wateja wapungue, kama mtoto anayejiwekea kipande cha nyama cha mwisho. Ile Roamer niliifungua baada ya adhuhuri. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimegandiana na jasho la marehemu, kikanisumbua, kisha kikaachia.

Kwa asiyejua: ndani ya kifuniko hicho mafundi huacha alama. Unachukua ncha ya sindano, unakwaruza herufi zako, mwezi na mwaka, vidogo kiasi kwamba bila lenzi utadhani ni uchafu. Si urembo. Saa ikirudi unajua uliigusa lini, na mteja akikuambia "mbona nilikuletea juzi tu" unamwonyesha kuwa juzi yake ina miaka mitatu.

Humu alama zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa imefutika, sikuitambua. Ya chini ilisomeka vizuri: H.S. 10/71.

H.S. ni mimi. Na si herufi peke yake, mkono ulikuwa wangu. S yangu ina mkia unaokunjwa ndani kama ndoana. Saba yangu ina kistari tumboni. Nikatoa lenzi jichoni, nikaifuta kwa pindo la shati, nikairudisha. Bado ilikuwa 71. Nitasema ukweli, kwa muda wa kumeza mate mara mbili sikuwa na maelezo yoyote.

Maelezo yapo, na msomaji wa pwani huenda ameshayapata. Babu yangu alikuwa H.S. Mwanawe alimpa jina la baba yake mwenyewe, akawa S.H. Huyo S.H. ndiye baba yangu, naye akanipa mimi jina la baba yake, nikawa H.S. Kijana wangu wa kwanza ni S.H. Ukipanda juu kwenye ukoo wetu ni hivyo hivyo, H kamzaa S, S kamzaa H, mpaka mahali wazee wenyewe wanapoanza kubishana. Baba hakutaka kazi ya saa, alipenda magari. Aliyenifundisha kushika sindano ni babu, juu ya meza hii hii, mpaka alipofariki mwaka 1991. S yenye ndoana ni yake. Mimi nimeiiba.

Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa haniiti jina. Kwake nilikuwa "mume wangu". Nikirudi madrasa utamsikia: "Mume wangu karudi, mpakulieni." Siku moja nikamuuliza babu, kama mimi ndiye mume wa bibi, yeye ni nani humu ndani. Babu hakuinua hata jicho kwenye kazi yake. "Mimi mpangaji," akasema.

Basi binti yangu alikuwa yuko likizo, anasubiri kuingia Kidato cha Sita, kombi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Nikamwita aje aone maajabu. Aliangalia kwa lenzi muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Baba, ungejuaje?"

"Ningejuaje nini?"

"Tuseme babu mkubwa humjui, hujawahi kusikia habari zake. Unafungua saa unakuta jina lako, mwandiko wako, mwaka ambao wewe hujazaliwa. Ungesemaje?"

Nikamwambia ningesema mtu kanichezea. Akatikisa kichwa. Kuna wanafizikia, akasema, swali hilo wamelikalia kitako na hesabu zake wamezifanya. Linaitwa kitanzi cha wakati. Ni njia ambayo unaifuata ukienda mbele, siku zote mbele, saa yako ya mkono inahesabu kama kawaida, hakuna mahali ulipogeuka, na mwisho wa safari unajikuta umefika jana.

Hapo akawa kanichokoza. Nina zaidi ya miaka 30 nafungua saa za watu na sikuwahi kujiuliza zinapima kitu gani. Kwa wiki tatu baada ya isha nikawa nasoma, naye akinifafanulia penye hesabu, na hesabu zilikuwa nyingi.

Aliyelileta jambo hili hadharani ni Kurt Gödel, mwaka 1949. Alikuwa mtu wa mantiki, mzaliwa wa Brno, vita vikamsukuma mpaka Princeton, Marekani, na huko rafiki yake wa kutembea naye kurudi nyumbani alikuwa Albert Einstein. Einstein alikuwa anatimiza miaka 70. Wenzake wakatayarisha kitabu cha kumheshimu, Gödel naye akaombwa aandike. Zawadi aliyoileta ilikuwa ya ajabu: alichukua milinganyo ya Einstein mwenyewe, ile ya mvutano ya mwaka 1915, akaonyesha kuwa inaruhusu ulimwengu ambao maada yake yote inazunguka, na kwamba ndani ya ulimwengu huo msafiri anaweza kufika kwenye wakati wake uliopita. Anachohitaji ni mwendo wa zaidi ya asilimia 70 ya mwendo wa nuru, yaani karibu kilomita 212,000 kwa sekunde. Kumpelekea rafiki zawadi ya siku ya kuzaliwa, akifungua anakuta umemchorea ufa uliopo kwenye ukuta wa nyumba yake! Einstein alijibu kwa ustaarabu. Alikiri kwamba jambo hilo lilimsumbua tangu alipokuwa anaijenga nadharia yenyewe, na akasema ingefaa kupima kama kuna sababu za kifizikia za kuliondoa.

Jinsi kitanzi kinavyotokea nilieleweshwa mara nne, na ya nne ndiyo iliyoingia. Mahali ulipo, pande za kwenda unazoruhusiwa ni zile tu ambazo nuru inaweza kuzifikia au kuzipita, na zote zinaelekea kesho. Wazia minazi iliyopandwa mstari mmoja ufukweni, kila mnazi unaonyesha upande wa kesho pale ulipo. Kwetu sisi, hapa karibu, minazi yote imesimama wima. Kwenye ulimwengu wa Gödel, kadiri unavyokwenda mbali minazi inazidi kulala, kama inayoinamishwa na kusi, mpaka unafika pahala ambapo mnazi umelala kabisa, na kule unakoonyesha kuwa ni kesho ndiko wewe ulikotoka. Msafiri hakurudi nyuma hata hatua moja. Kila mnazi aliufuata kama ulivyomwelekeza.

Ulimwengu wetu si huo. Wa Gödel hautanuki, na wetu unatanuka: tangu mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kuwa galaksi zinaachana, za mbali zaidi zikienda kasi zaidi. Wala hakuna dalili iliyoonekana kwamba ulimwengu mzima unajizungusha. Gödel hilo halikumtisha. Hoja yake ilikuwa hii: ikiwa sheria hizi hizi, maada ikipangwa tu vingine, zinaruhusu ulimwengu ambao ndani yake "kupita kwa wakati" hakuna maana, basi hata kwetu kupita huko si kitu cha kweli, ni namna tunavyoona tu.

Hapo ndipo nilipoachana naye, na binti yangu naye nusura aachane na mimi. Nilimwambia ziko nchi hazina bahari, na mimi siendi kuuza ngalawa kwa sababu hiyo. "Lakini sheria ni zile zile, Baba!" Ni zile zile, mwanangu. Mkorosho nao ni ule ule, kuna ardhi utazaa na kuna ardhi utatoa majani matupu. Huwezi kusimama kwenye ardhi ya majani matupu ukatangaza kwamba korosho ni ndoto. Alicheka, ila hakukubali. Mpaka leo hajakubali.

Sasa, nikiwaeleza watu habari hizi hapa barazani, jibu linakuja upesi. Jirani yangu anayeuza samaki alinikata kauli: "Kwani wewe fundi hujui kwamba wakati unazunguka? Kusi, kaskazi, kusi. Bamvua, maji mafu, bamvua. Mikorosho nayo: kupuliza salfa, maua, mnada, tena salfa. Hao wazungu wamegundua nini?"

Nililala nalo. Aliyenitoa ni mama, bila kujua.

Mama anasuka ukili. Miyaa inakaa kwenye beseni la maji ili isivunjike, mapajani kuna kitambaa, vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo unasengenya. Ukili unatoka chini ya vidole vyake kama utepe, unakunjwa bunda, pima kwa pima. Kisha ndiyo unashonwa: ukili unazungushwa, ukingo unaunganishwa na ukingo, raundi kwa raundi, mpaka mkeka unafika upana. Ukiutazama mkeka uliokwisha unaona mistari mingi imelala pamoja. Si mingi. Ni ukili mmoja unaopita kando ya mwenyewe. Ukifumua nyuzi, unarudi kuwa utepe mrefu wenye mwanzo na mwisho.

Misimu ni hiyo. Salfa ya mwaka huu imelala ubavuni mwa salfa ya mwaka jana, zinafanana, zinagusana, lakini si moja. Mkorosho umezeeka, bei ya salfa si ile, na aliyekuwa anakushikia bomba la kupulizia huenda ameoa kahamia Mtwara. Jirani yangu anaona mkeka, anadhani ni kitanzi.

Kitanzi cha kweli ni kata. Mama alipokuwa anaenda kuchota maji alikuwa anaisokota khanga, anaizungusha, ncha anaichomeka ndani, anaiweka kichwani, ndoo juu yake. Tafuta mwanzo wa kata. Na hapa pana jambo lililonichukua siku nyingi kuliko yote. Sisimizi anaweza kuizunguka kata mara kumi, ukamhesabia. Lakini sisimizi ana wakati wake, ulio nje ya kata, ndiyo maana ana raundi ya kwanza na ya pili. Mtu aliye ndani ya kitanzi cha wakati si sisimizi. Yeye ni uzi wa khanga yenyewe. Uzi hauzunguki mara ya pili. Upo kote, mara moja, basi.

Kwa hiyo zile hadithi za mtu anayeamka siku ile ile kila asubuhi, anajaribu tena mpaka apatie, hizo si habari za kitanzi hata kidogo. Yule mtu anakumbuka jaribio la jana. Kwake ipo jana na ipo leo, ukili wake umenyooka vizuri sana. Ndani ya kitanzi hakuna neno "tena". Nadhani hilo ndilo linalotuponyoka, kwa sababu kila duara tunalolijua sisi lina "tena" ndani yake.

Hata uso wa saa ni mwongo katika hili. Kwanza unatudanganya Waswahili mchana kweupe, mshale mfupi uko kwenye saba na sisi tunasema saa moja, na tunaelewana. Lakini uongo mkubwa ni ule mzunguko. Mishale inapita palepale mara mbili kwa siku, kama vile hakuna kilichobadilika. Geuza saa, fungua nyuma. Utakuta utepe wa chuma umekunjwa ndani ya kikombe chake, na kazi yake yote ni kukunjuka. Saa kama ile Roamer hupiga mapigo 18,000 kwa saa moja, matano kila sekunde, na kila pigo linakula kidogo cha ule utepe lisirudishe. Mafuta yanakauka. Shaba inalika. Mbele duara, nyuma safari ya upande mmoja.

Nirudi kwenye ile tarehe, 10/71. Katika kusoma nilikutana nayo tena mahali nisipoitegemea. Mwezi huo huo wa Oktoba 1971, wakati babu anakwaruza ndoana yake hapa Lindi, Wamarekani wawili, Joseph Hafele na Richard Keating, walikuwa wamezikatia nafasi saa 4 za atomu kwenye ndege za kawaida za abiria. Wakazizungusha dunia nzima kuelekea mashariki, kisha magharibi, wakazilinganisha na zilizobaki Washington. Zilizokwenda mashariki zilipoteza nanosekunde kama 59, zilizokwenda magharibi zilizidisha kama 273. Nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni. Mimi saa ikipoteza dakika moja kwa siku namwambia mteja ashukuru. Lakini hesabu za Einstein zilikuwa zimeshatabiri tofauti hizo kwa karibu sana, na leo satelaiti za GPS zinazomwongoza kijana wa bodaboda lazima zirekebishwe, maana saa zake kule juu zinakimbia mikrosekunde 38, yaani sehemu 38 za milioni za sekunde, kila siku kuzidi za chini. Zikiachwa, ndani ya siku moja ramani inakosea kilomita kama 10, unaletewa chipsi zako baharini.

Yaani wakati haukuwa mstari mmoja tangu mwanzo. Kila kitu kinachotembea kina uzi wake na kipimo chake, na nyuzi zikikutana si lazima ziwe zimetumia urefu sawa. Ukiniuliza leo kama wakati umenyooka, nitakuuliza wakati wa nani. Ninachoshikilia ni uelekeo. Kunyooka na kuwa na uelekeo ni mambo mawili tofauti, na naona watu wengi wakigombea la kwanza wanadhani wanagombea la pili.

Binti alikuwa amenitunzia zuri mwisho. Mwaka 1992 Warusi wawili, Andrei Lossev na Igor Novikov, waliandika kuhusu vitu vinavyoishi ndani ya kitanzi tu. Mfano: mimi mzee narudi kumpa saa mimi kijana, kijana anaitunza mpaka anazeeka, anarudi kumpa yule kijana. Nani aliitengeneza? Hakuna. Haikutoka kiwandani, haikununuliwa. Ipo. Vitu hivyo wakaviita majini. Nilicheka peke yangu kibandani. Hapa pwani hatuhitaji kuelezwa jini ni nini, ila sikujua kwamba anaweza kuja na mkanda wa ngozi.

Lakini huyo jini mimi kama fundi simpokei hivi hivi. Saa ikikaa mkononi miaka 40 inalika. Kijana akipewa saa yenye kioo kizima, anamrudishia nani saa yenye kioo kizima? Mikwaruzo iende wapi? Ili kitanzi kifunge, ile saa inayotolewa lazima iwe ile ile iliyopokelewa, chembe kwa chembe. Waandishi wenyewe walilijua: jini lazima atengenezwe njiani, kwa nguvu inayotoka nje yake, mpaka arudi kuwa alivyokuwa. Yaani lazima apite kwa fundi. Na fundi huyo asiache alama, kwa sababu akikwaruza H.S. leo, basi H.S. ilikuwamo tangu alipoifungua. Atatia mafuta, ataosha, atafunga, na sindano yake ataiweka mezani. Sijui fundi wa namna hiyo. Hata mwenye mwandiko mbaya anaandika.

Habari ya kurudi kumuua babu yako kabla hajamzaa baba yako nayo ilizungumzwa, bila shaka. Mimi swali langu ni kwa nini kila mara babu. Babu kawakosea nini? Jibu la Novikov linanitosha: kilichomo kwenye kitanzi hakiwezi kujipinga, hivyo bastola itakwama, au utateleza, au utagundua umempiga mtu mwingine, kwa sababu jambo lenyewe halikutokea na hakuna "safari hii" ya kulifanya litokee. Stephen Hawking alikwenda mbali zaidi. Mwaka huo huo wa 1992 alipendekeza kwamba sheria za maumbile zenyewe huzuia vitanzi visifunge. Hilo ni pendekezo, halijathibitishwa kwa kila hali. Mlango umerudishwa, komeo halijapigwa.

Ninachoweza kutoa mimi ni ushahidi wa meza. Nimefungua maelfu ya vifuniko. Nimekuta alama za Dar es Salaam, za Nampula, herufi za Kihindi, tarehe za kabla ya kimbunga kilichoupiga mji huu mwaka 1952. Sijawahi kukuta mkwaruzo wa tarehe ambayo haijafika. Alama zote ziko upande mmoja. Nyumbani tunasimuliwa kwamba baba yake babu, yule S.H. wa kwanza ninayemjua, ni miongoni mwa vijana walioibeba mifupa ya Tendaguru vichwani kuileta bandarini hapa, Wajerumani walipochimba kati ya 1909 na 1913. Mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya miaka kama milioni 150 iliyopita, ikapakiwa melini, mmoja wao amesimama Berlin mpaka sasa, kimo chake zaidi ya mita 13. Milima yetu imejaa alama za nyuma kwa kiasi hicho, na za mbele hakuna hata ukucha. Ingekuwa tumo ndani ya kitanzi, nyuma na mbele vingekuwa ndugu wa damu, na alama zingetujia kutoka pande zote mbili.

"Ungeikuta ya mwaka 2060," binti akaniambia, "ungesema fundi alikuwa amelewa."

Ningesema hivyo hivyo. Na kila Januari mimi mwenyewe nakwaruza mwaka uliopita kwa mazoea, zimo saa mjini hapa zinazonisingizia. Hapo alinipiga goli, nakubali.

Roamer ilichukua siku nne. Mafuta yalikuwa yamegeuka utomvu. Niliosha kila gurudumu, nikatia mafuta upya kwa ncha ya waya, tone dogo kuliko jicho la sisimizi, na alasiri ya Alhamisi nikaitia ufunguo nusu, ikashtuka, ikaanza kupiga. Ikabaki alama. Nafasi ilikuwapo chini kidogo ya 10/71. Nikasita. Fundi atakayeifungua baada yangu ataona H.S. na H.S., S zenye ndoana, miaka 53 na ushee kati yake, atadhani ni mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti kimoja. Binti akashauri niongeze namba ya pili, kama wafalme. Nikakataa. Nikakwaruza H.S. 6/25.

Mzee alikuja Ijumaa baada ya swala. Kwa kuwa ni mtu mzima nikaona nimwonyeshe mwenyewe, nikampa lenzi, nikamshikia kifuniko. Akaangalia, midomo inasoma.

"Kumbe uliwahi kuitengeneza."

"Hapana, mzee wangu. Huyo ni babu yangu."

"Jina?"

"Jina moja."

"Alikuwa na kibanda wapi?"

"Hapa hapa."

"Meza?"

"Hii."

"Na mwandiko?"

Nikanyamaza.

"Basi fundi ni wewe," akasema, "na kazi yako imeharibika. Nataka gharantii."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Bei ilikuwa 15,000, tukavutana mpaka chai ikapoa, akanihesabia 8,000, nyingine atamalizia minada ya korosho ikianza. Akaivaa saa, leso akaitia mfukoni, akaenda zake kuwahi kivuko. Nikaandika kwenye daftari la madeni: Kitunda, 7,000, mwezi wa kumi.

Binti alikuwa nyuma yangu, anasoma juu ya bega. Akaniuliza, mwezi wa kumi wa mwaka gani.